Wazimu wa Daraja

Nchi ya Salamati ilijinyoosha kandokando ya mto Ngurumizi, ng'ambo moja majumba ya wakubwa yaliyopakwa chokaa upya kila sikukuu ilipokaribia, ng'ambo ya pili mashamba, masoko na watu waliowalisha wakubwa hao. Na katikati, likiunganisha vinywa na chakula, palikuwa na daraja alilolizindua Mtukufu Ghururi mwenyewe, akiapa mbele ya tarumbeta na mizinga kwamba lingedumu kuliko milima. Halikumaliza masika. Mjenzi alikuwa shemeji yake Mtukufu, saruji ilikuwa mchanga mtupu, na mafuriko ya kwanza yaliondoka na kipande chote cha katikati.

Hakuna waziri aliyethubutu kumwambia Mtukufu. Badala yake Bunge lilipitisha, kwa vifijo, Sheria ya Akili Timamu: yeyote anayeona jambo lisilotambuliwa na Serikali ni mgonjwa, na kwa ushahidi wa madaktari wawili atapelekwa papo hapo Nyumba ya Utulivu. Chama cha Madaktari wa Akili kilishangilia kuliko wote. Mwenyekiti wake, Profesa Chapuo, mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti ya redio, alitangaza kugundua ugonjwa mpya, wazimu wa daraja, akautungia dawa ya rangi ya waridi, akazawadiwa gari.

Daktari Siwema alikuwa msaidizi wake. Alisomea kazi hiyo kwa sababu alipenda kuwasikiliza watu, na sasa alilipwa mshahara kwa kutowasikiliza. Mgonjwa wake wa kwanza chini ya sheria hiyo alikuwa Bi Kidawa, muuza mihogo, aliyekamatwa sokoni akiwazuia watu wasipite darajani.

"Mwanangu," Bi Kidawa alimuuliza, "wewe umepita kule?"

"Nimepita, mama."

"Limevunjika, halijavunjika?"

Siwema alimtupia jicho Profesa aliyesimama mlangoni. "Pumzika kidogo, mama. Utapata nafuu."

Bi Kidawa akamtazama kwa huruma. "Kumbe na wewe unaumwa. Ila wewe hawajakupa kitanda."

Siwema akatia saini, na Bi Kidawa akapelekwa kulazwa Nyumba ya Utulivu.

Nyumba ya Utulivu ilifurika. Waliolazwa walikuwa wale wenye macho. Waliobaki nje walijifunza kuusifu upepo wa darajani na kuvuka kwa mitumbwi, wakiitana "majirani wa daraja". Mtukufu, ambaye kila aliyemzunguka alimhakikishia kwamba daraja linang'aa, akaamua kuadhimisha mwaka mmoja wa uzinduzi kwa kulivuka yeye mwenyewe kwa gari, wataalamu wa akili wakiwa kando yake ili dunia iione nchi yenye akili zake.

Siku ilipofika, dereva aliliendesha gari polepole kuelekea darajani. Umati kandoni ulipiga makofi kwa bidii ya watu wanaochungwa. Siwema, aliyekaa kiti cha nyuma kati ya Mtukufu na Profesa, aliiona lami ikikoma na maji ya udongo yakizunguka chini yake.

"Simama!" akapiga kelele Mtukufu Ghururi.

Gari likasita ukingoni. Makofi yakakatika.

"Umeona nini, Mtukufu?" Siwema aliuliza taratibu, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa wagonjwa.

Mtukufu akafungua kinywa. Akamtazama Profesa, akamtazama Siwema, akakumbuka kwamba hao ni madaktari wawili, na kwamba sheria aliitia muhuri kwa mkono wake mwenyewe.

"Si... sijaona kitu," akasema. "Nilitaka kupunga upepo."

"Mimi nimeona," alisema Siwema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jambo hilo, na kifua kikamfunguka. "Daraja limevunjika. Naomba kushuka, nimpelekee Bi Kidawa jibu lake, na kama kuna kitanda, nitalala jirani naye."

Akampita Profesa, akashuka, akaenda zake kwa miguu huku umati ukimpisha njia, watu wakiinamisha vichwa kana kwamba wanapitishiwa bibi harusi.

Ndani ya gari dereva aligeuza uso. Alikuwa mtu mtiifu, tena mwenye akili timamu kwa mujibu wa sheria.

"Mtukufu amesema hajaona kitu," alisema, akiachia breki ya mkono. "Basi tuendelee?"

Mtukufu alimgeukia Profesa Chapuo ili amsaidie jibu. Lakini Profesa alikuwa ameshakishika kitasa cha mlango.