Mchoro Uliogeuzwa Kama Godoro

Katika maabara ya mama mdogo, mchoro ukikaa vibaya uligeuzwa kama godoro, na hakuna aliyeona haya. Zamani waya za kipimajoto zilifungwa kinyume, baridi ikasomeka joto na joto likasomeka baridi, ikabidi kila matokeo yapinduliwe ndipo yaeleweke. Waya zikarekebishwa. Kupindua kukabaki, kama mtu aliyepona mguu akaendelea kuchechemea kwa mazoea.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara. Mtoto wa dada yake ndiye aliyekuwa mpimaji. Alikabidhiwa fuwele moja nyeusi, ndogo kama punje ya mchele, ya aina iitwayo nusu-metali ya kitopolojia. Kazi yake ilikuwa kuipoza, kuipiga mwanga wa leza na kuangalia atomi zake zinavyotetema. Mtetemo ulijitokeza kwenye skrini kama kilima. Kilima kikiwa chembamba, mtetemo unadumu. Kikiwa kinene, unakufa mapema.

Fuwele za kawaida zikipoa, kilima hukonda, maana mitetemo haiparamiani tena. Hiki kilinenepa. Kadiri alivyopoza, ndivyo kilivyotanua mabega.

Mama mdogo alikitazama akiwa amesimama, mkoba begani. Akasema mchoro uko kichwa chini, augeuze, kesho kuna wageni. Mpimaji akasema waya amezikagua. Mama mdogo akajibu kwamba hata zile za zamani zilikuwa zimekaguliwa, tena na yeye mwenyewe.

Mpimaji akajaribu kueleza. Katika fuwele ile, ngazi za nishati zilizojaa elektroni na ngazi tupu za juu yake zinagusana, na mguso huo hauondoki kwa kusukumwasukumwa. Kwa kuwa hakuna pengo, hata mtetemo dhaifu unaweza kuipandisha elektroni, ukaishiwa nguvu hapohapo. Kwenye baridi ngazi za juu ni kama viti vilivyo wazi, kwa hiyo elektroni zinapanda na mtetemo unamezwa. Joto likija, viti vimeshakaliwa. Mtetemo unakosa wa kumsukuma, unaishi zaidi.

“Maelezo mazuri,” mama mdogo akasema. “Lakini mwanangu, wewe umeona wapi kitu kikichangamka kwa baridi?”

“Hapo kwenye skrini.”

“Geuza.”

Mchoro ukigeuzwa, fuwele ile itakuwa kama nyingine zote. Kazi ya mpimaji ya mwaka mzima itaingia droo, naye atarudi kufuta vioo vya leza. Na akikataa, mama mdogo atageuza mwenyewe, kwani alikuwa na nywila za kompyuta zote, na alikuwa na ukoo nyuma yake.

Basi mpimaji hakubisha. Alifungua jokofu la maabara, akabandika kipande cha silikoni, ile ya chipu za kompyuta, ubavuni mwa fuwele yake, kwenye sahani moja ya shaba, chini ya kipimajoto kimoja, akapoza upya. Silikoni ina pengo pana ambalo mtetemo hauwezi kulivuka, na tabia yake anaijua kila aliyewahi kuwasha leza. Ikakonda kwa adabu. Fuwele yake ikanenepa vilevile. Akachora mistari miwili kwenye mchoro mmoja, kila mmoja ukionyesha unene wa kilima kadiri joto linavyopanda, akaandika jina la kila mmoja kwa herufi kubwa, akautuma.

Asubuhi mama mdogo aliufungua akiwa na kikombe mkononi. Aliona mstari wa fuwele unashuka mahali ulipopaswa kupanda. Akageuza mchoro mzima, akaenda kupokea wageni.

Kati ya wageni alikuwamo mama mmoja aliyeitwa Bi Silikoni, kwa sababu hakuwahi kupima kitu kingine na hakuona sababu ya kuanza. Mchoro ulipotokea ukutani, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Silikoni yenu imeanza lini kunenepa kwa baridi?” akauliza. “Mimi nimezeeka nayo, haijawahi kunifanyia hivyo.”

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama mdogo akasema huenda mchoro umepinduka wakati wa kuandaliwa, akaurudisha ulivyokuwa. Silikoni ikakaa sawa. Bi Silikoni akaitikia kwa kichwa, kama aliyemwona jirani salama. Kisha macho yake yakahamia mstari wa pili, yakabaki huko.

“Na hii nyingine? Zilikuwa chini ya kipimajoto kimoja?”

Mpimaji akasema ndiyo, na sahani moja. Bi Silikoni akavuta kiti mpaka karibu na ukuta. Akaomba jokofu lisizimwe, na akimaliza chai aonyeshwe hicho kitu kikipoa mbele ya macho yake.

Mama mdogo alitabasamu kwa meno tu.

“Mwanangu, waombe wageni radhi kwa kuwachanganya.”

“Siombi, mama mdogo,” mpimaji akasema. “Mimi niliuleta ukiwa hivyo ulivyo sasa.”