Saruji ya Ukuta wa Kaskazini

Ukuta wa kaskazini ndio mkongwe kuliko kuta zote za kanisa letu la Wenderby. Mnara ni wa juzi tu, miaka mia sita na kidogo, na matao ya ndani yaliongezwa kijiji kilipotajirika kwa sufu. Ukuta ule, wenye kidirisha kimoja cha kupitisha kichwa cha mtoto, uliutangulia mnara kwa karne mbili. Kwa ndani, mkabala na mlango, amechorwa Mtakatifu Kristofa akivuka mto na Mtoto Yesu begani. Wakulima wa zamani waliamini kwamba ukimwona asubuhi hufi ghafla siku hiyo, basi walikuwa wakichungulia mlangoni kisha wanakwenda zao shambani. Uvivu wa ibada hatukuuanza sisi. Baadaye wakaja waliochukia picha za watakatifu, wakampaka chokaa, akakaa chini yake mpaka alipofichuliwa tena enzi za bibi yangu.

Upande wa nje wa ukuta huo ni kazi ya marehemu mume wangu, Edgar. Kiangazi cha mwaka 1971 chokaa kati ya mawe ilikuwa inapukutika, akakusanya wanaume wanane, wakaikwangua yote na kujaza saruji. Hawakulipwa kitu ila chai na keki zangu. Saruji ilikuwa ngumu, safi, ya kisasa. Kila sikukuu ya mavuno kasisi, awe nani, aliutaja "ukuta wa Edgar", nami nilikaa kwenye benchi langu nimevimba kichwa. Sioni haya kusema.

Basi mwaka huu rangi za Kristofa zikaanza kumeguka. Miguu ilikwenda kwanza, pamoja na samaki wa mtoni, kisha unga mweupe wa chumvi ukampanda hadi kiunoni. Padre Crispin akamwita mwashi, Hester Pask, binti wa miaka thelathini hivi mwenye viganja vigumu kuliko vya mume wangu. Akagonga ukuta nje, akagonga ndani, akanieleza bila kuzunguka. Ukuta wa chokaa hunywa mvua na kuitoa tena kama jasho. Saruji imeuziba. Maji yakikosa njia ya nje hutokea ndani, penye picha. Saruji yote ing'olewe na chokaa irudi, la sivyo majira mawili ya baridi yakipita Mtoto naye atakuwa hana uso.

Ombi la kazi kama hiyo huenda dayosisi na sahihi ya mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa ni mimi. Nikasema nitalifikiria, nikalitia kwenye mkoba, likakaa humo wiki tatu. Padre alinipigia simu mara mbili, nikamwambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na hasira na msichana aliyekuja na nyundo kuniambia kwamba mume wangu, aliyelivujia jasho kanisa hili, ndiye aliyeliharibu.

Jumatatu moja Hester akabisha hodi kwangu, matope mpaka magotini. Nilidhani amekuja kunisukuma nitie sahihi. Akaniomba tu nimfuate kanisani, nyuma ya tangi la mafuta ya kupashia kanisa joto, mahali ambapo hakuna anayepita. Tulipofika akachuchumaa, akasogeza magugu.

"Bibi Thurlow, hapa alitengeneza nani?"

Kilikuwa kipande cha ukuta ule ule wa kaskazini, chenye ukubwa wa meza ya jikoni. Hakikuwa na saruji. Kati ya mawe kulikuwa na chokaa. Nikasema sijui.

"Huyu alikuwa na subira. Katoa saruji bila kuvunja jiwe hata moja. Na kwa ndani, hapa hapa, pakavu. Nimepima."

"Labda wale walioleta tangi."

"Hao? Hata tangi lenyewe wameliweka upande." Akafuta tope kwa kidole gumba. "Hebu soma."

Chini kabisa, karibu na udongo, mtu alikuwa ameandika kwa msumari: E.T., 2009.

Edgar Thurlow alikufa Februari ya mwaka uliofuata. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akiniaga kwamba anakwenda kung'oa magugu makaburini. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa akipiga magoti pale, na mapafu yake mabovu, anaing'oa saruji yake mwenyewe kidogo kidogo.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia alipokuwa hai. Kisha nikaona jambo lililoniuma zaidi. Miaka thelathini na minane nilijisifia ukuta ule mbele yake, na mbele ya kila mtu. Nililia pale pale, na Hester akawa na akili ya kutazama paa.

"Angeniambia," nikasema.

"Ungemwacha amalize kusema?"

Nikamwambia ana ulimi mbaya. Akasema anajua.

Nikalitoa mkobani lile ombi, nikaliweka juu ya tangi. Kwenye nafasi ya sababu, Padre alikuwa ameandika "unyevu" basi. Chini yake nikaongeza kwa mkono wangu: "Mume wangu alikosea mwaka 1971. Alianza kurekebisha peke yake kwa sababu hakuweza kuniambia. Tunaomba ruhusa tummalizie." Nikatia sahihi.