Bedford Inayokula Makaa

Mwaka huo petroli Isiolo ilikuwa kama mvua: unasikia tu imefika kwa wengine. Bedford ya Aabo, lori la baba yetu, ilisimama uani kwetu Chechelesi mpaka kuku wakahamia ndani. Alasiri hiyo Kagwiria, mfanyabiashara wa Meru, alikuja kuinunua, akaketishwa sebuleni na chai. Aabo akamwambia kaka yangu Abdinur, "Ikiwaka kabla mgeni hajamaliza chai, inabaki. Isipowaka, inaenda naye."

Abdinur alikuwa ametengeneza pipa la makaa ya mgunga, lenye feni ya mkono na bomba la gesi ya kuwasha lori bila petroli. Makaa yalikuwa mekundu, na maji yakidondoka juu yake polepole.

"Nieleze tena, profesa," nikamwambia.

"Deqa, ulikuwa unalala darasani? Maji yakigusa makaa ya moto yanaachana. Haidrojeni inatoka, oksijeni inashikana na kaboni, inakuwa monoksidi. Gesi zote mbili zinawaka."

"Kwa hivyo maji yapeane talaka, sisi tupande lori."

"Zungusha feni, wacha mdomo."

Upepo ulikuwa unapoza pipa. Abdinur akafanya kama Mama akijifukiza uunsi: hujifunika shuka pamoja na makaa, harufu isipotee. Akatufunika kwa turubai, sisi, pipa na pua ya lori, akalifunga kwenye bomba la gesi.

Ikawa raha ya ajabu. Hakukuwa na harufu yoyote. Mkono uliozungusha feni ukawa wa mtu mwingine, msichana mpole kuliko mimi. Turubai likapumua kama wingu. Nikaona ngamia wa Sericho wakija kunywa kwenye pipa, wakipiga magoti kwa adabu, na kuku mmoja akiwakatia tiketi. Mdomo wa bomba ukatoa mwali wa buluu, mwembamba kama mtandio. Abdinur akaliunganisha na injini, akapiga hendeli. Ikakohoa, ikanguruma. Akacheka, akakaa chini polepole kama mtu aliyefika kwake.

"Inuka, dereva. Abiria wanalalamika."

Kimya. Abdinur hajawahi kuniachia neno la mwisho tangu nizaliwe. Hapo nikaiogopa ile gesi isiyo na harufu. Lakini kuvuta turubai ni kung'oa bomba, na kung'oa bomba ni kumpa Kagwiria lori. Nikalivuta kwa mwili wote, nikaanguka nalo.

Upepo ukaingia. Injini ikanyamaza.

Aabo alitoka mbio, akamburuta Abdinur mpaka palipo wazi, akampiga mashavu hadi akatapika. Kagwiria alimfuata na kikombe mkononi, chai ikiwa bado nusu.

"Aabo, iliwaka," nikasema.

"Nilisikia. Mama Kagwiria, ichukue leo hii. Sitaki kuiona."

Kagwiria alikuwa anatazama pipa, si lori. "Ilinguruma bila petroli, mzee. Nitaichukua na huyu kijana. Akipona aje aiendeshe, bila turubai."

Aabo akampangusa mwanawe mdomo. "Akipona, nitamwuliza."

"Nimepona," akasema Abdinur, macho bado yamefungwa.