Mkia Uliokwama

Profesa alishasema seli zile zimekufa, zitupwe. Mtafiti wake, ambaye nyumbani kwao walimwita Kidoti, akamwomba ampe hadi jioni.

Kidoti alikuwa akichunguza kinasi, protini inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine na kuziamsha zifanye kazi. Hii yake hukaza nyuzi za ndani ya seli, zile zinazoipa umbo na kuiwezesha kutambaa. Asubuhi alitia dawa ya kuizuia kinasi hiyo. Seli zikarefuka ajabu, kisha zikakwama.

Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuiosha ile dawa kwenye kisahani mama yake mdogo alipopiga hodi. Walikuwa waende pamoja kwa fundi cherehani.

"Bado tu?"

"Bado kidogo, mama mdogo. Kaa hapa utazame na mimi."

Kwenye skrini ya hadubini, seli moja ilikuwa imesonga mbele, mkia wake mrefu umenata nyuma.

"Huyu kama mtu aliyebanwa gauni na mlango," mama mdogo akasema.

"Ndiyo hivyo hasa. Kwenda mbele anaweza. Kuuvuta mkia ndiyo kazi ya kinasi, na mimi nilikuwa nimeifunga mikono."

"Masikini. Na sasa umeifungua?"

"Nimeifungua. Kama yu hai, atauvuta."

Wakangoja. Mama mdogo akavua viatu, akaanza kusimulia jinsi shemeji yake alivyonunua kitanda kisichopita mlangoni, akalazimika kulala nacho barazani. Katikati ya kicheko akanyooshea skrini kidole.

"Wewe. Amecheza."

Mkia ulikuwa ukikonda. Ukabanduka, ukarudi mwilini chap. Punde jirani yake naye akauvuta wake. Kidoti akacheka huku machozi yakimtoka, mama mdogo akimpigapiga mgongoni.

Kelele hizo zikamleta Profesa. Akaoneshwa picha tangu mwanzo, akavuta kiti, akaomba arudishiwe tena.

"Kumbe nilitaka kuzizika hai," akasema. "Kesho rudia. Na uweke kisahani kingine ambacho dawa haioshwi, tulinganishe."

"Na mikia ikigoma?" mama mdogo akauliza.

"Tutakuita wewe uje uichekeshe, mama."

Kesho yake visahani viwili vikakaa bega kwa bega. Palipooshwa dawa, mikia ikavutika. Pasipooshwa, ikabaki imenata. Kidoti alimpigia simu mama mdogo hata kabla ya kumwambia Profesa.