Mizigo Kumi na Sita

Mithika wa getini hakujua kusoma, lakini namba alizijua. Tukitoka kwenda kuni, kila msichana aliinua juu kamba yake ya ngozi ya kubebea, naye Mithika akahesabu kamba, akaandika kwenye kikaratasi. Tukirudi alihesabu mizigo. Kamba kumi na sita, mizigo kumi na sita, basi, piteni. Sisi wenyewe hakutuhesabu. Alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji mwenye bunduki ya serikali, lakini alikuwa Mmeru vilevile, na kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama umemwonyesha kifo kwa kidole.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari. Tulikuwa tumeondolewa mashambani tukakusanywa katika kijiji kimoja juu ya Nkubu, nyumba zimebanana, handaki limezunguka pande zote, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa. Mlango wa kutoka ulikuwa mmoja, na kando yake mnara wa mlinzi. Saa kumi walinzi waligonga kipande cha reli kilichoning'inia getini, wakavuta daraja la mbao, na aliyeonekana nje baada ya hapo alipigwa risasi bila kuulizwa jina.

Mwalimu wetu, Mwalimu Njagi, alikuwa mtu wa Embu. Aliona kijijini kuna vikongwe ambao watoto wao wamepelekwa kizuizini na hawana wa kuwachotea maji wala kuwaletea kuni. Akaomba ruhusa kwa bwana shauri wa wilaya, kisha akatuuliza darasani nani atajitolea. Wasichana kumi na sita tulisimama. Akanichagua mimi niwe mkubwa wao. Mimi nilikuwa darasa la nne, na sikuwa mtu wa maneno. Nilimwambia aangalie mwingine, Nkirote kwa mfano, maana ana nguvu na sauti. Mwalimu akasema sauti inafundishika.

Kweli alinifundisha. Kila asubuhi alinisimamisha mbele ya shule nzima niongoze gwaride, kwa sababu tulikuwa tukijitayarisha kushindana na shule nyingine. Siku za kwanza niliposema "mguu sawa" wavulana walicheka, wakasema kuna kuku ameshikwa koo. Nikaendelea. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikisema mara moja tu na miguu mia inapiga chini pamoja. Nilijifunza pia nani huchoka upesi, nani hulalamika kwa sababu ana njaa na nani kwa tabia tu, na kikongwe gani umpe Nkirote na yupi umpe Karambu. Karambu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Baba yake alikuwa kizuizini, naye aliishi na nyanya yake, juju Cionthiga, aliyekuwa amelala mgonjwa tangu mvua zianze.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ruhusa yetu iliishia kwenye shamba la zamani la miti ya miwati. Juu ya miwati lilianza eneo la marufuku, mashamba yetu wenyewe ya zamani, nyumba zimechomwa, mpaka ufike msituni walikokuwa wapiganaji, wale tuliowaita wa msituni. Hata mbuzi akivuka huko alikuwa adui.

Tulipomaliza kufunga nikawaambia wapange mizigo njiani. Nikahesabu kama kawaida. Kumi na sita. Nikasema twende, nikashika nyuma. Nilimwona Nkirote ana mzigo mgongoni na mwingine mdogo kichwani, sikushangaa, maana alizoea kuwasaidia wadogo. Nilidhani Karambu yuko mbele kule, mikono mitupu, anaimba.

Tukafika kona ya mwisho, geti linaonekana chini. Reli ikagongwa mara moja. Maana yake imebaki nusu saa. Ndipo nikatazama mstari wote kutoka mbele hadi nyuma, nikatazama tena, Karambu hayumo. Nikamwita Nkirote nikamuuliza Karambu yuko wapi.

Akasema Karambu ameenda kwao kwa zamani, kuchimba kiazi kikuu. Juju yake amekataa uji siku tatu, anasema ataonja kitu kimoja tu, kiazi kinachotambaa kwenye mti aliopanda mume wake, basi afe. Karambu alimwachia Nkirote kamba na mzigo ili hesabu itimie, akaapa atatufikia kabla ya kona.

"Na wewe ukakubali," nikasema.

"Alilia, Kathambi. Ungefanya nini?"

Nilijua kosa lilikuwa langu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikihesabu kuni nikijiambia nimehesabu watu. Na sasa mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa eneo la marufuku, amebeba chakula, anatoka upande wa msitu. Askari yeyote angesema anawapelekea wale wa msituni, nani angeamini kwamba analeta?

Wasichana wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema tupite tu, mizigo imetimia, Mithika hatajua. Mwingine akasema Karambu ni mjanja, atavuka handaki usiku. Mwingine akaanza kulia, akasema mama yake alimkataza kujiunga nasi. Wote wakanitazama. Nilitaka sana kupita. Nasema ukweli. Geti lilikuwa hatua mia mbili, na upande wa pili nilimwona mama yangu amesimama na wanawake wengine, wanatungoja kama kila Jumamosi. Lakini karatasi ikishaandikwa kumi na sita, hakutakuwa na msichana wa shule nje. Kitakachosogea huko nje ni cha kupigwa tu.

Nikawaambia washushe mizigo na wakae juu yake, pale pale njiani, wasisogee. Nikashuka peke yangu.

Mithika alikuwa akitafuta penseli yake. Akaniuliza kwa nini mabibi harusi wamekaa, wanangoja kubebwa? Nikamwamkia vizuri, kisha nikasema karibu sana na sikio lake, ili aliye mnarani asisikie.

"Mzee, tuko kumi na tano."

Akaruka nyuma kama nimemtemea mate. Akanikemea, nawezaje kuhesabu watoto wa watu, tena mbele yake yeye mwenye watoto. Halafu maana ya maneno ikamfikia. Akatazama miwati, akatazama mnara ambako kijana aitwaye Bundi alikuwa na bunduki, akatazama barabara ambayo gari la inspekta hupitia kila jioni kuchukua kikaratasi.

"Mizigo ni mingapi?" akaniuliza.

"Kumi na sita."

"Basi mimi huhesabu mizigo. Waite waingie."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinipa njia, na yeye akijipa yake. Akiripoti aliyepotea, askari wangepanda na mbwa, na kijiji kingefungwa wiki mbili, hakuna wa kwenda shambani. Nikamuuliza kama tukiingia, na Karambu akitokea baada ya reli ya mwisho kulia, Bundi atafanya nini. Akatazama mnara tena. Nikasema basi hatuingii mpaka reli ya mwisho ilie. Akasema atatuchapa. Nikasema sawa, mzee.

Nikarudi. Nikawaambia tuimbe nyimbo za shule, kwa nguvu, ili Karambu ajue tuko barabarani na aje kwa barabara. Aliyejificha ndiye aliyekuwa akipigwa. Mwanzoni hakuna aliyeweza. Nikaanza mwenyewe, vibaya. Nkirote akaingia, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Tukaimba wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Kule getini wanawake walikuwa wamejua kuna jambo, maana walikuwa wameacha kuongea. Mama yangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Katikati ya wimbo wa tatu akatokea. Hakuja kwa barabara. Alitoka kwenye miwati upande wa kushoto, ameinama, anakimbia kando ya handaki, na mgongoni ana kitu kimefungwa kwa shuka kama mtoto. Hivyo ndivyo walivyokimbia wale wa msituni. Nikaona kule mnarani Bundi ameinua bunduki. Mithika akapaza sauti, lakini sijui alisema nini wala alikuwa akimwambia nani.

Ningepiga kelele "kimbia" angekimbia. Ningeita "lala chini" wangejua anajificha. Nikasimama, nikatoa ile sauti ya asubuhi.

"Karambu! Simama! Mguu sawa!"

Akasimama. Nadhani hakufikiri, miguu yake ndiyo iliyosikia. Alisimama wima katika nyasi, mikono kando, kidevu juu, na machozi yanamtiririka. Mtu wa msituni hasimami hivyo.

"Kulia, geuka. Mbele, tembea."

Akatembea hadi barabarani akiinua mikono na magoti, kama tulivyofundishwa, na kile kiazi kikimpiga kiunoni. Nikatembea kumpokea, nikajiweka kati yake na mnara. Mgongo wangu wote ulikuwa ukingoja risasi. Sijawahi kutembea hatua ndefu kama zile.

Tulipofika sote getini, Mithika alimvua lile shuka. Kiazi kilikuwa kikubwa, bado kina udongo. Akakikata kwa panga vipande vinne kuona kama ndani mna risasi. Hakikuwa na kitu, ni weupe tu. Tukasikia gari la inspekta likipanda kutoka Nkubu. Mithika akapiga vipande teke, vyote vikaangukia handakini kati ya vijiti. Akahesabu mizigo haraka haraka, akaandika, akatusukuma ndani, na mimi akanitia fimbo mbili za mgongo ili Bundi aone kazi imefanyika.

Karambu hakulilia bunduki. Alililia kiazi. Juju yake alikufa Jumanne, hajakionja. Mimi na Nkirote ndio tuliompelekea maji ya kuosha mwili.

Nyumbani mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama ni kweli nilitamka idadi ya watoto kwa mdomo wangu, mbele ya mwanamume. Nikasema ni kweli. Akasema mama wengine wanataka nikatakaswe kabla watoto wao hawajanifuata tena, na juju Cionthiga tayari ameenda, nani mwingine atafuata? Nikamwambia nilimpoteza mtoto kwa sababu sikutazama sura yake, nilitazama kuni zake. Akaendelea kumenya ndizi. Hakusema nina makosa, wala hakusema sina.

Mwalimu Njagi aliniuliza kama nataka kuacha. Alisema hataniona mwoga. Nilifikiri usiku mmoja. Kisha nikaomba karatasi na wino.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tisa. Wale saba mama zao waliwazuia. Mithika akatoa penseli, akasema tuinue kamba. Nikamwambia leo hatuinui kamba, nikampa karatasi yangu. Akaigeuza juu chini, akaniuliza kwa ukali ni nini.

Nikasema ni majina yetu sote, hata ya waliozuiwa. Kuita jina la mtoto si kumhesabu, hata mama yake humwita. Nitasoma tukitoka na nitasoma tukirudi, na kila mmoja aitike kwa mdomo wake, na asiyeitika hatuondoki tulipo.

Alijikuna shingo. Wanawake walikuwa nyuma yangu, wamekaza masikio, na sikujua ni mkono wa nani ungenivuta.

"Soma basi," akasema Mithika, akinirudishia karatasi. "Jua linakwenda."

Nikasoma. La kwanza lilikuwa la msichana ambaye hakuja, nikangoja, pakawa kimya. Nikasoma la pili. Kimya. Nikasoma la tatu, na nyuma ya wanawake sauti ndogo ikaitika, halafu mama mmoja akasogea kando, akampisha binti yake apite.