Nyaya za Bure

"Kasha ni lile lenye taa," Mzee Fyuzi alisema, kidole chake kikielekea rafu ya juu ya duka la kompyuta, ambako kasha la kioo lilikuwa likibadilika rangi, bluu, zambarau, nyekundu, utadhani ukumbi wa harusi.

Binti yake hakuinua hata kichwa. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya vitu vilivyotumika, akivuta kasha jeusi lililobonyea ubavuni, refu kama kabati la viatu. Akamwambia taratibu kwamba taa haziendeshi gemu. Hela iende kwanza kwenye kadi ya picha, na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, iwe ya kuaminika. Prosesa iliyotumika itatosha, na kasha ni nguo tu.

"Nguo nayo ina heshima yake," baba akasema.

"Heshima tutavaa sisi, Baba."

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alicheka mpaka akaacha kufuta vumbi. Mzee Fyuzi naye akacheka, maana ukweli usemwe, hakuwa amemsikia binti huyu akitania tangu mama yake azikwe. Jina hilo la Fyuzi alipewa na mtaa, kwa kuwafungia watu umeme nyumba baada ya nyumba. Kwake mwenyewe, yeye na mwanawe waliishi kama wapangaji wenye adabu: umekula, nimekula, usiku mwema.

Sasa kompyuta hii ilikuwa imewapa la kuzungumza. Kila alichokishika, binti alimgeuzia: "Baba, unaonaje?" Baba haoni lolote, hajui kadi ya picha wala kadi ya mwaliko, lakini alikuwa anaulizwa, na kuulizwa kulikuwa kutamu. Alikuwa akijibu kwa kukunja uso kwanza, kama mtu mwenye maoni.

Walipofika kwenye diski, pale mashine inapotunza vitu vyake, binti akasema hiyo hawanunui. Atachomoa ile ya kwenye laptop ya Mama. Laptop yenyewe ilishakufa kioo na kibodi, lakini ndani mlikuwa na mji. Mzee Fyuzi aliujua mji huo kwa mbali. Lilikuwa gemu la kujenga. Mama na binti walikaa nalo jioni kwa jioni, bega kwa bega, wakibishana soko likae wapi na kisima kichimbwe wapi, huku yeye amewapa mgongo anasikiliza redio, na akigeuka ni kuwauliza kama hizo nyumba za kuchora zinalipa kodi. Mama aliondoka mji haujaisha. Binti alitaka mashine yenye nguvu za kuubeba, amalizie palipobaki.

Kabla hawajatoka, muuzaji akawawekea fungu la nyaya nyeusi, nyongeza ya bure, zilizotoka kwenye pawa saplai nyingine. Binti alizitazama ncha, akazirudisha mezani. Si za pawa saplai yetu hizi, alisema. Kila kampuni inapanga umeme wake kivyake ndani ya waya, ukichanganya unaunguza. Muuzaji akasema mbona zinaingia. Binti akamjibu kwamba kuingia zinaingia, na hatari yenyewe ndiyo hiyo. Akashukuru, akabeba kasha lake akatoka.

Mzee Fyuzi alibaki nyuma kidogo. Sasa wewe mwambie fundi umeme aache waya wa bure juu ya meza! Alitazama huku, akatazama kule, na nyaya zikaishia mfukoni mwake.

Nyumbani walitandika shuka kuukuu juu ya meza wakaanza kazi. Baba alikaza skrubu, binti akamwambia polepole, hilo si boksi la mita. Walikula wamesimama. Kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa diski. Kasha lilikuwa refu mno, nafasi ya diski iko juu kabisa, na waya wa kuipelekea umeme ulikomea njiani, umepungua kama upana wa kiganja. Binti akavaa viatu. Kulikuwa na duka njia panda linalouza waya wa kuungia. Mlangoni akageuka.

"Usiwashe, Baba. Nisubiri."

"Nitaanzaje kuwasha bila wewe?"

Na alimaanisha, jamani. Alikaa kitini, mikono mapajani, kama mgeni. Lakini mkono nao ukagusa mfuko, na mfukoni mna nyaya. Akatoa mmoja, ajaribu tu. Ncha ikaingia kwenye pawa saplai vizuri kabisa, na upande wa pili ukafika kwenye diski, urefu ukabaki. Akamwaza binti anarudi na jasho lake, anakuta mashine inanguruma, mji wa mama yake umejaa kioo kizima, na baba yupo kando amekunja mikono. Angesema, Baba, umewezaje? Waya ni waya, Mzee Fyuzi alijiambia.

Kwa haki, kibarua yeyote angetamka maneno hayo mbele yake, angetimuliwa siku hiyo hiyo. Hakuna nyumba aliyowahi kuiwasha kabla ya kupima kila waya kwa testa. Testa ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mahali pake pa siku zote. Hakuitoa. Aliwasha.

Feni zilizunguka. Ikawaka taa moja ndogo ya kijani, naye akatabasamu peke yake chumbani. Kisha ikaja harufu, ile anayoifahamu kuliko harufu ya chakula, na uzi wa moshi ukapanda kutoka juu ya diski. Alichomoa plagi ukutani kwa nguvu, lakini moshi ulishatoka.

Husemwa majuto ni mjukuu. Ya kwake hayakungoja hata mtoto azaliwe. Binti alirudi na waya mpya mkononi, akasimama mlangoni, akanusa. Alimtazama baba yake, kisha ule waya mweusi.

"Ni zile za dukani?"

"Ndizo, mama."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Hakulia wala hakupayuka, afadhali angepayuka. Aliichomoa diski ingali ya moto, akaishika kiganjani na kuipuliza, kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto.

Mafundi wawili waliifungua. Wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili alimvuta Mzee Fyuzi pembeni akamwambia moto umefika pale panapotunzwa vitu, asimpe binti matumaini. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiposikia la mdogo, huvunjika nini? Mzee Fyuzi alizunguka na swali hilo kwenye dari za watu, na jibu alikuwa nalo.

Vingine vyote vilipona. Alinunua diski mpya, binti akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, Baba, akaenda kuichomeka chumbani kwake, mlango umerudishwa. "Unaonaje" haikusikika tena. Ikawa umekula, nimekula, usiku mwema.

Jioni moja mlango ulikuwa wazi kidogo. Kwenye kioo mji ulikuwa umeanzwa upya: uwanda wa kijani, mto, na soko moja tu katikati. Binti alikaa mkono juu ya mausi, hafanyi kitu. Mzee Fyuzi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi.

"Kisima kilikuwa wapi?"

Binti akasogeza mausi kidogo. "Karibu na soko. Mama ndiye aliyekiweka."

"Upande gani?"

"Mimi nilitaka huku, yeye akakataa."

Akabonyeza. Kisima kidogo cha mawe kikatokea kando ya mto. Akakitazama, akakifuta. Akakiweka nyuma ya soko, akakifuta tena. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo, "si hapo." Mzee Fyuzi alisimama nyuma ya kiti, akijitahidi kuzikumbuka zile jioni, na alichokikumbuka ni redio. Kisima kikatokea kwenye nyasi, kikatoweka, kikatokea tena pembeni kidogo.