Mti wa Tatu Bandani

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwaka wa tisini na sita, Yuliana alifungua banda la kuku saa kumi na mbili asubuhi, akamwaga chenga za muhogo kwenye sinia lililotoboka, akawahesabu wanaotoka. Walitoka kumi na tatu. Wa kumi na nne alibaki ndani. Alikuwa jogoo mwekundu aliyenunuliwa wiki iliyopita kwa Ladislaus, yule mchuuzi wa kuku mwenye baiskeli. Alisimama kwenye kona, mabawa yameshuka, shingo imepinda kama ya mtu anayetafuta kitu alichodondosha nyuma yake. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Yuliana alikitazama kidogo, kisha akafunga mlango taratibu, kama vile jogoo alikuwa anaoga.

Hakuna mtu kijijini Mkunya asiyeujua mdondo, ugonjwa wa kuku. Huja wakati wa joto kabla ya mvua, watu wakiwa wameinama kuokota korosho, na huondoka kuku wakiisha. Yuliana hakulia kwa ajili ya jogoo. Aliwaza wale mitetea saba waliofungwa kitambaa cha kijani mguuni, kipande cha kitenge chake cha zamani.

Hao saba walikuwa wa binti yake Veridiana, aliyeolewa Chiwata na kubakiza mwezi mmoja ajifungue. Mimba ya kwanza ilimmaliza damu. Mtoto hakuishi, na Veridiana mwenyewe alirudi nyumbani na viganja vyeupe, akitembea kwa kushika kuta. Siku ile Yuliana aliapa kwamba safari nyingine mwanawe atakunywa supu ya kuku siku arobaini nzima, kuku mmoja kila wiki na mmoja wa siku ya kumtoa mtoto nje. Alikuwa amewalea hao saba tangu vifaranga, na hata mgeni wa kanisa kutoka jimboni alipokuja kula, Yuliana alimpikia kunde.

Kwao kuku wa mzazi ana taratibu zake. Huingia kwa wakwe akiwa hai, kwa miguu yake mwenyewe. Hufungwa kamba uani, na kila jirani anayekuja kumwona mtoto humwona na kuku, akajua kwamba mzazi ana kwao. Siku ya tatu ndipo mama mkwe humchinja. Nyama iliyokwisha kupikwa, ikabebwa kwenye sufuria, hiyo hupelekwa msibani.

Kwa hiyo Yuliana alifanya kile ambacho kila mtu Mkunya hufanya akiona kinyesi cha kijani. Aliwahamisha wazima. Alichagua wanne kati ya wale saba, wenye macho makavu na upanga mwekundu kichwani, akawapa maji, akamwita Ladislaus.

"Unapita Chiwata lini, Baba?"

"Kesho, Mama Veridiana. Nashuka Masasi, napita kulekule."

"Nipelekee hawa kwa mama mkwe wa Veridiana, Mama Dickson. Mwambie wapumzike huko mpaka mtoto aje."

"Wazima?"

"Wazima kabisa. Huoni?"

Ladislaus aliona. Aliwatia kwenye tenga pamoja na wengine ishirini aliowakusanya asubuhi ile kwa watu wengine, wazima kabisa nao, akapiga kengele ya baiskeli, akaenda. Tangu serikali iseme biashara ni ya kila mtu, Ladislaus alikuwa mtu wa kwanza Mkunya kuamini, na tenga lake halikuwahi kukauka manyoya.

Jogoo mwekundu alikufa Jumanne mchana. Yuliana alimzika nyuma ya jiko, chini ya mkorosho. Jua lilipoanza kushuka, jogoo alitoka kwenye udongo, akajikung'uta, akakohoa mara mbili, akashika njia ya kanisani. Yuliana alikuwa anapepeta mahindi. Alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona kuelekea kwa Ladislaus, halafu akaendelea kupepeta, maana mahindi yalikuwa na mchanga.

Kufikia Jumapili kuku wengine wanane walikuwa wamekufa na kuondoka vilevile, mmoja mmoja, jioni. Bandani alibaki mtetea mmoja tu mwenye kitambaa cha kijani. Ilikuwa hivyo nyumba hadi nyumba. Watu waliketi barazani wakawaona kuku wao waliowazika asubuhi wakipita barabarani, kila mmoja na kitambaa chake mguuni, wote wakielekea uani kwa Ladislaus. Hawakuwa wakila, hawakuwa wakitaga, na majogoo hawakuwika. Walikohoa tu. Walipanda kwenye mikorosho yake na kulala, mpaka matawi ya chini yakagusa ardhi.

Ladislaus hakubisha kwamba mdondo ulitoka kwenye tenga lake. Alisema tu kwamba kuku wa biashara huwezi kumjua ndani, kisha akaufunga mlango wa jiko ili wasiingie kwenye majivu. Mkewe alilalamika kuhusu kikohozi kwa siku tatu, halafu akazoea.

Wiki ya pili Yuliana alikuwa ameketi na jirani yake Sijaona, wanabangua korosho, wakasikia kikohozi kikija kutoka upande wa bonde. Waliingia wanne, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya Chiwata, vitambaa vya kijani vimechafuka. Walipita kati ya wale wanawake wawili bila haraka, wakaingia bandani, wakapanda mti wa chini wa kulalia. Nyuma yao walikuja kumi na mmoja wenye uzi mwekundu. Uzi mwekundu ulikuwa wa Mama Dickson.

Sijaona aliendelea kubangua.

"Hao kumi na mmoja si wa mkwe wako?"

"Wa kwake."

"Amebakiwa na wangapi?"

"Alikuwa nao kumi na mmoja," alisema Yuliana.

Aibu ilimshika mpaka akashindwa kunyanyuka kwenye mkeka. Angekasirika kama angepata wa kumkasirikia. Aliwaza jinsi Mama Dickson alivyowapokea wale wanne, akawapa maji ya mvua aliyoyavuna, ambayo hayapewi kila kiumbe, na jinsi Veridiana alivyofurahi kuona kitenge cha mama yake mguuni mwa kuku. Sijaona hakumcheka. Kesho yake jioni na yeye alijiwa na tisa wenye kitambaa cheusi, wa kaka yake wa bondeni, ambaye Sijaona alikuwa amempelekea mitetea wawili wapumzike.

Ndipo walipokwenda kwa Mzee Mrisho. Mrisho alikuwa bwana mifugo wa kata miaka kumi na tisa, mpaka barua ya kupunguza wafanyakazi ilipomfikia. Pikipiki ilirudishwa, yeye akabaki. Alikuja na kofia yake ya kazi, akawakagua kuku wa Yuliana mmoja mmoja, waliokufa na yule mzima, akawafungua midomo na kuwanusa.

"Shikamoo Mzee. Wanasemaje?"

"Marahaba. Ni mdondo. Hawa waliokufa hawana shida tena. Tatizo ni huyu aliye hai."

"Dawa?"

"Dawa hakuna. Kuna chanjo. Zamani ilikuja na gari la wilaya, mimi nikapita na boksi la barafu nyumba kwa nyumba. Siku hizi ipo dukani Masasi, unaifuata mwenyewe. Chupa moja ni ya kuku elfu moja. Ukishaichanganya, jioni haifai tena. Kwa hiyo lazima kuku wote wa Mkunya waletwe asubuhi moja."

Hapo ndipo penye mfupa. Mtu wa Mkunya atakuambia idadi ya mikorosho yake, ya wajukuu wake, hata ya meno yaliyobaki. Idadi ya kuku wake hakuambii, maana ukijua wako wangapi utakuja kuomba mmoja. Hata hivyo kila nyumba ilitoa kisado cha korosho, na walikubaliana iwe Jumamosi uwanjani. Alhamisi Mrisho alipanda basi na chupa ya chai yenye maua, akarudi Ijumaa jioni nayo imejaa barafu, chanjo katikati.

Lakini Ijumaa ni ndefu. Tangu asubuhi watu walikuwa wakiwaza kwamba Jumamosi kila jirani atajua kuku wake ni wangapi, na kwamba kuku aliyeanza kusinzia leo kesho atakuwa hasara. Ladislaus alipita na tenga saa nne. Alipita tena saa nane. Saa kumi alipita na matenga mawili. Kila mtu alimuuzia nyuma ya nyumba, na kila mtu alimwona jirani yake akiuza nyuma ya nyumba, wakasalimiana.

Jumamosi uwanjani walikuja kuku kumi na mmoja walio hai. Waliokufa walikuja wenyewe, kutoka kwa Ladislaus, kwa Yuliana, kwa Sijaona, mia nne na zaidi, wakajipanga kwenye mstari mzuri kuliko watu kwenye zahanati. Mrisho aliwatonea matone wale kumi na mmoja, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, akiwaeleza wenye kuku kwamba kinga huchukua wiki mbili kushika. Halafu alitazama chupa iliyobaki imejaa, na jua linapanda. Alivaa miwani vizuri akaanza na waliokufa. Alimaliza saa nane mchana. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kumwaga dawa ni dhambi.

Wakati huohuo mtu wa takwimu alifika na kalamu yake, akahesabu kuku mchana kutwa, akaandika kwamba katika kipindi cha soko huria ufugaji Mkunya umeongezeka mara mbili. Aliusifu utulivu wa kuku wetu.

Siku ya nane baada ya chanjo, mtetea wa mwisho wa Yuliana hakumaliza chenga zake. Alisimama kwenye kona ya banda. Shingo ilikuwa bado imenyooka, lakini jicho moja lilikuwa linafunga lenyewe. Yuliana aliketi mlangoni akamwekea maji kwenye kigae. Wakati bado anamtazama, aliletewa barua fupi kutoka Chiwata, mwandiko wa Mama Dickson.

Veridiana alikuwa amejifungua mtoto wa kike usiku wa Alhamisi. Mtoto alikuwa mzima na alilia sana. Damu ilikuwa imetoka nyingi tena, ingawa safari hii imekatika. Veridiana alikuwa amelala, viganja vyeupe, na alichoomba ni supu. "Mkwe," iliandikwa chini, "hapa kwangu hata unyoya sina. Lakini majirani wameanza kufuga upya, Mungu ni mwema. Nyumba tano hivi zina vifaranga na matetea. Wanauliza kuku wa mzazi anakuja lini, nimewaambia bibi yake hawezi kukosa."

Yuliana alimwendea Mrisho na barua mkononi.

"Mchinje leo hapahapa," alisema Mrisho. "Mtokose vizuri, mfunike kwenye sufuria, mpelekee. Nyama iliyoiva haina madhara kwa mtu wala kwa kuku. Yule akifika hai na kufungwa uani siku tatu, unajua kitakachotokea."

"Najua."

"Basi?"

"Niingie kwa wakwe na sufuria, Mzee? Mwanangu yu hai. Wakiniona na sufuria watatoka nje na kuanza kulia."

Mrisho alivua kofia akaikung'uta. Mke wake mwenyewe alikuwa mzazi mara saba, na mara zote kuku alikuja kwa miguu.

"Mwambie basi mama mkwe amchinje siku ileile," alisema.

"Nitamwambia," alijibu Yuliana. Wote wawili walijua kwamba Mama Dickson atasikiliza kwa heshima, atamfunga kuku kamba, na ataita majirani.

Alirudi nyumbani. Alioga, akavaa kitenge kipya, akakata ukingo wa kile cha zamani na kumbadilishia mtetea kitambaa mguuni, maana kile cha kwanza kilikuwa kimefifia. Alimpangusa jicho kwa maji ya uvuguvugu. Lilifunguka, likakaa wazi. Kwa mtu asiyejua, alikuwa kuku mzuri.

Basi la Masasi hupita saa sita, na Yuliana alikuwa bado na muda. Aliingia bandani. Kwenye mti wa chini walikuwa wale wanne wa kijani, kwenye mti wa juu wale kumi na mmoja wa Mama Dickson, wamebanana kabisa. Alitoka akachukua panga, akakata tawi refu la mkorosho, akalichonga matawi madogo, akaliingiza bandani na kulifunga kwa kamba za magome pande zote mbili. Alilitikisa kuona kama limeshika. Alikuwa akilia, na machozi alijifutia kwa mkono ulioshika panga.

Sijaona alichungulia kupitia ukuta wa mianzi.

"Mama Veridiana, mti wa tatu wa nini? Kuku wako si unaondoka naye?"

"Wa majirani wa Mama Dickson," alisema Yuliana. "Nyumba tano. Watakuwa wamechoka, ni mbali."

Sijaona alitikisa kichwa kukubali, akamuuliza kama utawatosha. Yuliana aliupima kwa macho, akasema akirudi ataongeza mwingine. Halafu alimchukua mtetea kwapani, kichwa kikiangalia mbele ili aonekane mchangamfu, akaenda kusubiri basi.